Kujenga na kusanidi LVGL: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mtu mpya anapounganisha kioo kidogo na maikrokontrola akitaka vitufe, maandishi na grafu zionekane juu yake. Mfano nitakaoutumia ni kioo cha pikseli 320 kwa 240 kinachopokea data kwa SPI (njia ya kutuma biti moja baada ya nyingine kwa nyaya chache), chenye chipu ya aina ya ILI9341 au ST7789, na LVGL toleo la 9. Kama kioo chako ni kingine, tarakimu zitabadilika lakini hoja zitabaki zilezile.

LVGL inafanya nini, na nini haifanyi?

Ni maktaba ya grafiki ya chanzo huria iliyoandikwa kwa C. Ilianzishwa mwaka 2016 na Gábor Kiss-Vámosi wa Hungaria. Kazi yake ni kuchora: unaiambia weka kitufe hapa, andika neno hili, nayo inapiga hesabu ya rangi ya kila pikseli na kuiweka kwenye bafa, yaani kipande cha kumbukumbu ulichoipa. Basi. Haijui kioo chako kimeunganishwa kwa waya gani wala chipu yake inapokea amri zipi. Kuzitoa pikseli kwenye bafa na kuzifikisha kwenye kioo ni kazi yako, au ya draiva uliyoichagua.

Mpaka huo ushike vizuri tangu mwanzo. Mtu akisema "LVGL haionyeshi kitu", mara nyingi LVGL imeshachora zamani na picha imekaa kwenye bafa ikisubiri kupelekwa.

Kifaa changu kitaiweza?

Inahitaji prosesa ya biti 16 au zaidi, kasi inayozidi MHz 16, kompaila inayoelewa C99, na flashi inayozidi KB 64 kwa mambo ya msingi tu. KB 180 na kuendelea ndiyo inayopendekezwa. Kwenye RAM, tenga takriban KB 48 za vitu vya LVGL yenyewe, kisha ongeza bafa ya kuchorea. ESP32 na STM32 nyingi zinatosha. Arduino Uno R3, yenye RAM ya KB 2, haitoshi, na hakuna usanidi utakaoiokoa.

Nianze kwenye kifaa moja kwa moja, au kwenye kompyuta?

Anza kwenye kompyuta. Najua una hamu ya kuona kioo kikiwaka, lakini nakusihi utenge saa moja kwa hili. Kwenye kifaa, mambo sita yanaweza kuharibika kwa wakati mmoja: waya, umeme, amri za kuamshia chipu, mpangilio wa rangi, kumbukumbu na msimbo wako. Kwenye kompyuta linabaki moja tu, msimbo wako.

LVGL 9 inakuja na draiva ya SDL, maktaba ya kufungulia madirisha kwenye kompyuta, ndani yake. Kwenye Debian au Ubuntu sakinisha vinavyohitajika, kisha chukua maktaba yenyewe:

```
sudo apt install build-essential cmake libsdl2-dev
git clone -b release/v9.2 https://github.com/lvgl/lvgl.git
cp lvgl/lv_conf_template.h lv_conf.h
```

Ndani ya `lv_conf.h` badilisha `#if 0` ya juu iwe `#if 1`, kisha weka `LV_USE_SDL` iwe 1. Kwenye `main.c` ita `lv_init()`, fungua dirisha kwa `lv_sdl_window_create(320, 240)`, ongeza `lv_sdl_mouse_create()` ili kipanya kifanye kazi ya kidole, kisha ingia kwenye mzunguko unaoita `lv_timer_handler()` na kupumzika milisekunde 5 kila mara. Kwenye `CMakeLists.txt` weka `add_subdirectory(lvgl)` na uunganishe programu yako na `lvgl` pamoja na `SDL2`. Halafu:

```
cmake -B build
cmake --build build -j4
```

Dirisha likifunguka na kitufe chako kikaonekana, una ushahidi kwamba msimbo wa juu ni mzima. Ukihamia kwenye kifaa na kioo kikabaki cheusi, hutaanza tena kuutilia shaka msimbo wa vitufe. Utajua tatizo liko chini ya mpaka ule niliousema.

Nichukue toleo gani?

Chukua tawi la toleo lililotulia, kama `release/v9.2` hapo juu, usichukue `master`. Pia angalia tarehe ya somo unalolifuata. Masomo mengi ni ya toleo la 8, na kompaila ikikuambia haijui `lv_disp_drv_t`, hiyo ndiyo sababu: toleo la 9 liliiondoa na kuweka `lv_display_create()` na wenzake. Majina mengine ya zamani, kama `lv_scr_act` na `lv_btn_create`, bado yanakubalika kwa sababu kuna faili inayoyatafsiri kwenda majina mapya. Ndiyo maana mtu anaweza kuchanganya matoleo mawili kwa muda mrefu bila kugundua.

Usihamishe `lv_conf.h` ya toleo la 8 kwenda la 9. Nakili kiolezo kipya, kisha rudisha mabadiliko yako moja moja.

Nimebadilisha `lv_conf.h` lakini hakuna kinachobadilika. Kwa nini?

Sababu ni mbili, na ya kwanza ndiyo inayowapata wengi. Fungua faili utazame mistari ya juu. Kiolezo kinakuja na `#if 0`, maana yake kompaila iruke kila kilichomo. Badilisha iwe `#if 1`. Usipobadilisha, LVGL inatumia mipangilio yake ya msingi na ujenzi unafika mwisho bila kosa, huku wewe ukidhani umesanidi. Kompaila hutoa ujumbe mmoja kwamba huenda faili haikusomwa, ila ujumbe huo unapita haraka katikati ya mamia ya mistari. Jenga upya kutoka mwanzo, elekeza matokeo kwenye faili, kisha tafuta neno `lv_conf` humo.

Sababu ya pili ni mahali faili ilipo. LVGL huitafuta kando ya folda ya `lvgl`, si ndani yake:

```
mradi/
  lv_conf.h
  lvgl/
  main.c
```

Kwenye Arduino ni vivyo hivyo: faili inakaa kwenye folda ya `libraries`, jirani na `lvgl`. Ukitaka kuiweka kwingine, tumia makro ya `LV_CONF_PATH`, au `LV_CONF_INCLUDE_SIMPLE` ukiwa umeiambia kompaila folda yake. Kwenye ESP-IDF, zana rasmi za kujengea programu za ESP32, unaweza kuachana na faili hii kabisa ukasanidi kwa `idf.py menuconfig`. Ila chagua njia moja. Ukiwa na vyote viwili hutajua kipi kinatawala.

Njia ninayoiamini ya kuhakikisha: andika upuuzi wowote ndani ya `lv_conf.h`, baada ya ile `#if 1`, kisha jenga. Ujenzi ukifaulu, faili yako haisomwi.

Mipangilio ipi niiguse mwanzoni?

Michache sana. `LV_COLOR_DEPTH` iwe 16 kwa kioo cha aina hii. `LV_USE_LOG` iwe 1 pamoja na `LV_LOG_PRINTF`, ili maktaba iweze kukuambia inapokwama. Washa na saizi za fonti utakazotumia. Mengine yaache mpaka uwe na sababu.

Bafa iwe kubwa kiasi gani?

Tupige hesabu. Pikseli 320 kwa 240 ni 76,800. Kila moja ina baiti 2, kwa hiyo picha nzima ni baiti 153,600. Hiyo ni kubwa mno kwa maikrokontrola nyingi, na huihitaji. Kwa hali ya `PARTIAL`, LVGL huchora kioo kwa vipande, na ushauri wa kawaida ni bafa isiyopungua sehemu ya kumi ya kioo. Kwetu ni mistari 24, yaani baiti 15,360.

```
static uint8_t bafa[320 * 24 * 2] LV_ATTRIBUTE_MEM_ALIGN;

lv_display_t *kioo = lv_display_create(320, 240);
lv_display_set_flush_cb(kioo, mimina);
lv_display_set_buffers(kioo, bafa, NULL, sizeof(bafa),
                       LV_DISPLAY_RENDER_MODE_PARTIAL);
```

Hapa kuna mtego wa matoleo. Toleo la 8 lilitaka ukubwa wa bafa kwa pikseli, la 9 linataka kwa baiti. Ukiipa toleo la 9 idadi ya pikseli, unatumia nusu tu ya bafa yako. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: ukiipa toleo la 8 idadi ya baiti, itaandika nje ya bafa na kuharibu kumbukumbu ya jirani. Na usitangaze bafa kwa aina ya `lv_color_t` kwenye toleo la 9, kwa sababu sasa aina hiyo ina baiti 3 daima, hata kioo kikiwa cha biti 16.

Bafa ya pili ina faida kama unatumia DMA (sehemu ya chipu inayohamisha data bila kuishughulisha prosesa), kwani LVGL inachora kwenye moja wakati nyingine inasafirishwa. Bila DMA, prosesa ndiyo inayosafirisha, na bafa ya pili inakula RAM bure.

Kioo kinaonyesha utepe mmoja juu kisha kinaganda. Au picha imelala upande.

Yote mawili yanatoka kwenye funksheni ya kumimina, ile inayozitoa pikseli kwenye bafa:

```
static void mimina(lv_display_t *kioo, const lv_area_t *eneo,
                   uint8_t *pikseli)
{
    int upana = eneo->x2 - eneo->x1 + 1;
    int kimo  = eneo->y2 - eneo->y1 + 1;
    weka_dirisha(eneo->x1, eneo->y1, eneo->x2, eneo->y2);
    tuma_spi(pikseli, upana * kimo * 2);
    lv_display_flush_ready(kioo);
}
```

`weka_dirisha` na `tuma_spi` ni zako, zinatoka kwenye draiva ya kioo. Mstari wa mwisho ndio unaoiambia LVGL kwamba bafa iko huru. Ukiusahau, LVGL inamimina utepe wa kwanza kisha inasubiri milele. Ukiwa na DMA, usiuweke hapo, kwa sababu data bado iko njiani. Uite kwenye intarapti, yaani funksheni inayoitwa na maunzi yenyewe, inayopigwa DMA inapomaliza. Funksheni hiyo ni salama kuitwa humo.

Picha iliyolala upande inatokana na kuisahau ile `+ 1` unapopiga hesabu ya upana wa dirisha. `x2` na `y2` ni pikseli za mwisho zinazohesabiwa ndani ya eneo. Dirisha likiwa jembamba kwa pikseli moja, kila mstari unamwagikia kwenye mstari unaofuata kwa pikseli moja, na kitufe cha mraba kinaonekana kama kimesukumwa na upepo.

Kama picha ya kwanza inatoka nzima halafu hakuna kinachosogea, tazama kwingine: saa ya ndani haitembei. Ita `lv_tick_inc(1)` kila milisekunde, au ipe `lv_tick_set_cb()` funksheni inayorudisha milisekunde tangu kifaa kiwake.

Rangi zimevurugika. Nibadilishe nini?

Usibadilishe kitu bado. Hili ndilo swali ambalo watu hupoteza siku nzima wakiwasha hiki na kuzima kile, mpaka makosa mawili yanafichana. Kwanza chora miraba mitatu:

```
static void mraba(uint32_t rangi, int x)
{
    lv_obj_t *m = lv_obj_create(lv_screen_active());
    lv_obj_set_size(m, 60, 60);
    lv_obj_set_pos(m, x, 20);
    lv_obj_set_style_bg_color(m, lv_color_hex(rangi), 0);
}

mraba(0xFF0000, 20);
mraba(0x00FF00, 100);
mraba(0x0000FF, 180);
```

Ulichoagiza, kutoka kushoto, ni nyekundu, kijani, bluu. Sasa soma unachokiona.

Ukiona bluu, kijani, nyekundu, yaani kijani kimebaki mahali pake, kioo kinasoma bluu kabla ya nyekundu. Geuza biti ya BGR kwenye rejista ya MADCTL, ile ya chipu ya kioo inayopanga mwelekeo wa picha na mpangilio wa rangi, amri `0x36`, thamani `0x08`.

Ukiona samawati, zambarau-pinki na njano kwenye mandhari nyeusi badala ya nyeupe, kioo kinageuza rangi kinyume. Vioo vingi vya IPS vinahitaji amri `0x21` kuwasha ugeuzaji, na `0x20` huuzima.

Ukiona bluu, nyekundu, kijani, kila rangi imehama, baiti mbili za kila pikseli zimebadilishana nafasi. Nyekundu kwa biti 16 ni `0xF800`. Baiti zikipishana inakuwa `0x00F8`, na hiyo kwa kioo ni bluu yenye kijani kidogo. Ongeza mstari huu kabla ya kutuma:

```
lv_draw_sw_rgb565_swap(pikseli, upana * kimo);
```

Na ukiona nyekundu iliyofifia mahali pake, lakini kijani na bluu zimepishana, una makosa mawili kwa pamoja, la baiti na la BGR. Nyekundu imepotoshwa mara mbili ikarudi karibu na nyumbani. Hii ndiyo sababu siamini jaribio la rangi moja. Mtu anajaza kioo chekundu, anaona chekundu, anaendelea na kazi, na wiki mbili baadaye anashangaa kwa nini alama ya kijani ni ya bluu. Katika hali hiyo rekebisha baiti kwanza, chora tena, ndipo ushughulikie BGR.

Kwa nini inakwenda polepole?

Kabla ya kuilaumu maktaba, hesabu waya. Picha nzima ni baiti 153,600, sawa na biti 1,228,800. SPI ikiwa MHz 10, kuzisafirisha tu kunachukua takriban milisekunde 123, yaani picha 8 kwa sekunde hata kama uchoraji ungekuwa wa bure. Kwa MHz 40 ni takriban milisekunde 31, picha 32 kwa sekunde. Kwa hiyo cha kwanza ni kupandisha kasi ya SPI mpaka pale kioo kinapoanza kutoa chembe za uchafu, kisha kuishusha kidogo.

Cha pili ni kompaila. Ukiwa umejenga kwa `-O0`, yaani bila kompaila kuboresha chochote, uchoraji unakuwa mzito mno; tumia `-O2`. Cha tatu, punguza vivuli na uwazi, maana kila pikseli ya uwazi inahitaji kuchanganywa na iliyo chini yake. Ukiwasha `LV_USE_SYSMON` na `LV_USE_PERF_MONITOR`, idadi ya picha kwa sekunde itaonekana pembeni mwa kioo.

Programu inafanya kazi vizuri, kisha baada ya muda inaganda au inaanguka.

Soma logi kwanza. Kumbukumbu ikiisha, LVGL kwa kawaida huingia kwenye mzunguko usio na mwisho, na bila logi huo unafanana na kuganda kwa sababu nyingine yoyote. Saizi iko kwenye `LV_MEM_SIZE`, KB 64 kwa kawaida. Lakini usikimbilie kuiongeza. Tazama kama unaunda ukurasa mpya kila kitufe kinapobonyezwa bila kuufuta wa zamani kwa `lv_obj_delete()`. `lv_mem_monitor()` itakuonyesha nafasi ikipungua kila unapofungua ukurasa.

Kosa la pili ni mtindo uliotangazwa ndani ya funksheni bila `static`. LVGL hainakili `lv_style_t` yako, inashika anwani yake tu. Funksheni ikiisha, anwani hiyo inatumiwa na kitu kingine, na kitufe chako kinaanza kusoma takataka.

Kosa la tatu huwapata wanaotumia FreeRTOS, mfumo mdogo unaoendesha kazi kadhaa kwa zamu kwenye maikrokontrola. LVGL haijatengenezwa kuitwa na kazi mbili kwa wakati mmoja. Kama kazi inayosoma kihisi inabadilisha lebo huku nyingine ikichora, siku moja zitagongana, na si lazima iwe siku ya majaribio. Weka `LV_USE_OS` kuwa `LV_OS_FREERTOS`, kisha zungushia kila mguso wa LVGL kutoka kazi nyingine kwa `lv_lock()` na `lv_unlock()`.

Kompaila haitambui `lv_font_montserrat_24`.

Saizi ya 14 pekee ndiyo iliyowashwa. Weka `LV_FONT_MONTSERRAT_24` iwe 1. Kama tayari ni 1, rudi kwenye swali la `lv_conf.h` isiyosomwa.

Nimeandika "Punguza mng'ao" na katikati kuna kisanduku.

Kiswahili hakina herufi zenye alama za juu, kwa hiyo fonti za ndani zinatutosha karibu kila mahali. Kinachotuponza ni ng' ya ving'ong'o. Ukinakili maandishi kutoka programu ya kuandikia nyaraka, alama ya ng' mara nyingi inakuwa ile iliyopinda, `U+2019`, ambayo fonti hizo hazina. Badilisha iwe alama iliyonyooka ya kwenye kibodi, na kisanduku kitatoweka. Ukipenda iliyopinda, tengeneza fonti yako:

```
lv_font_conv --font fonti.ttf --size 20 --bpp 4 --format lvgl \
  --no-compress -r 0x20-0x7F -r 0x2019 -o fonti_20.c
```

Itangaze kwa `LV_FONT_DECLARE(fonti_20)`. Chukua herufi unazohitaji tu, kwa sababu kila moja inakula flashi.

Mguso unaenda upande usio wake.

Ukizungusha kioo kwa `lv_display_set_rotation()`, LVGL inazungusha na nukta za mguso. Ukizungusha kwa MADCTL pekee, LVGL haina habari, na ni juu yako kubadilishana x na y kwenye funksheni ya kusoma mguso. Usizibadilishe nukta hizo mwenyewe kama LVGL tayari inazizungusha. Na hakikisha funksheni hiyo inarudisha `LV_INDEV_STATE_RELEASED` kidole kinapoondoka, la sivyo kitufe kitabaki kimebonyezwa.

Naweza kuitumia kwenye Linux isiyo na mazingira ya dirisha?

Ndiyo. Washa `LV_USE_LINUX_FBDEV` uelekeze kwenye `/dev/fb0`, au `LV_USE_LINUX_DRM` kwa mifumo mipya, pamoja na `LV_USE_EVDEV` kwa mguso. Mtumiaji anayeendesha programu lazima awe na ruhusa ya kufungua faili hizo za kifaa.

Naruhusiwa kuuza kifaa chenye LVGL?

Ruhusa unayo, bila malipo. Leseni ni MIT, na sharti lake ni kubakiza tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni pamoja na nakala unayosambaza. Msimbo wako mwenyewe hulazimiki kuutoa.